Vunjajungu wa Zamani Bado Yu Hai: Kusasisha MantisBT Bila Kuacha Mlango wa Uani Wazi

Ofisi moja niliyokuwa nikiitunzia seva ilikuwa na daftari la hitilafu lenye siri nyingi kuliko sefu ya mhasibu. Tiketi moja ilisema: ukibadilisha namba ya risiti kwenye anwani ya ukurasa, unaona risiti ya mteja mwingine. Nyingine ilikuwa na nywila ya seva ya majaribio, imebandikwa kwenye maoni na kijana aliyekuwa na haraka. Ya tatu ilibeba picha ya skrini yenye majina na namba za simu za watu. Daftari lenyewe lilikuwa MantisBT, toleo la miaka mitatu nyuma. Nilipouliza mbona halisasishwi, nikajibiwa, "Hilo ni la ndani tu, kaka. Wateja hawalioni."

Ni kweli, wateja hawalioni. Lakini hebu fikiria mwizi angependa kupata nini kwanza: funguo za nyumba moja, au karatasi iliyoorodhesha madirisha yote ya mtaa yasiyofungika? Mozilla, watengenezaji wa Firefox, waliyaona hayo. Septemba 2015 walitangaza kwamba kuna mtu aliyeingia kwenye Bugzilla yao, yaani daftari lao la hitilafu, kwa akaunti ya mtumiaji mwenye ruhusa kubwa. Mtumiaji huyo alikuwa ametumia nywila ileile kwenye tovuti nyingine iliyokwisha kudukuliwa. Mvamizi alisoma tiketi 185 zilizofichwa, na 53 kati yake zilihusu matundu makubwa ya usalama. Matundu 43 yalikuwa yamekwisha kuzibwa alipoyaona. Yale 10 yaliyobaki hayakuwa yamezibwa, na Mozilla wanaamini angalau moja lilitumika kuwashambulia watumiaji wa Firefox. Hakuwa na haja ya kutafuta tundu kwa mwezi mzima. Alikuta limeandikwa, limepigiwa mstari, na maelezo ya namna ya kulirudia yako chini yake.

Nitaizungumzia MantisBT kwa sababu ndiyo ninayoikuta mara nyingi. Imeandikwa kwa PHP, inakubali kukaa kwenye seva ya bei nafuu ya kushirikiana, na fundi mwenye cPanel peke yake anaweza kuisimika kabla ya chai ya saa nne. Ilianza mwaka 2000. Jina lake limetoka kwa mdudu anayekula wadudu wenzake, na kwetu mdudu huyo tunamwita vunjajungu. Nilipokuwa mtoto tulikatazwa kumgusa, eti ukimgusa kila chombo utakachoshika kitavunjika. Nadhani mafundi wengi wa seva bado wana imani hiyo: wanaogopa kuigusa MantisBT yao isije ikavunjika, wakaiacha mpaka ikaoza.

Basi tuone namna ya kuigusa.

Jua ulicho nacho

Ingia kama msimamizi, fungua ukurasa wa usimamizi. Utaona toleo la MantisBT na namba ya muundo wa hifadhidata. Ziandike zote mbili mahali. Toleo lina namba tatu, mathalani 2.25.2. Ikibadilika ya mwisho tu, mara nyingi ni marekebisho na viraka, na kazi yake ni ya nusu saa. Ikibadilika ya katikati, kuna vitu vipya na huenda majedwali ya hifadhidata yakaguswa. Ukiona yako inaanza na 1.2 au 1.3, usitafute kiraka, kwa sababu mifululizo hiyo haitolewi viraka tena. Kazi yako ni kuhamia 2, na hiyo ni kazi ya kupangiwa siku.

Pili, hakikisha habari zinakufikia. Kwenye GitHub ya mradi unaweza kuchagua kuarifiwa matoleo mapya tu, bila kelele za kila mabadiliko. Tumia barua pepe ya kazi inayosomwa na watu wawili. Nimewahi kukuta ofisi iliyokuwa imejiandikisha vizuri kabisa, ila arifa zote zilikuwa zikienda kwenye sanduku la kijana aliyeacha kazi mwaka uliopita.

Tangazo likija, lisome kabla ya kukimbilia seva. Tundu linalotangazwa rasmi kwa kawaida hupewa namba ya utambulisho iitwayo CVE, na maelezo yake huwa mafupi. Mimi hutafuta neno moja kwanza: je, mvamizi anahitaji kuwa ameingia kwa akaunti? Kama hahitaji, siku hiyohiyo unasasisha, iwe Jumapili, iwe sikukuu. Kama anahitaji akaunti ya kawaida, jiulize nani anaweza kujisajili kwenye daftari lako. Mpangilio wa `$g_allow_signup` huja ukiwa umewashwa, kwa hiyo kama hukuuzima, jibu ni mtu yeyote duniani mwenye barua pepe. Na kama anahitaji akaunti ya msimamizi, usistarehe bado. Ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Aprili 2017 lilitangazwa tundu lenye namba CVE-2017-7615. Ukisahau nywila, MantisBT hukutumia kiungo chenye ufunguo mrefu wa siri, nawe ukikibonyeza unapelekwa kwenye faili linaloitwa `verify.php`. Faili hilo hulinganisha ufunguo uliokuja nao na ule uliohifadhiwa. Shida ilikuwa kwamba mtu akija na ufunguo mtupu, yaani bila kuandika kitu, alipokelewa. Kilichobaki ni kutaja namba ya akaunti anayoitaka, na akaunti ya kwanza kabisa kuundwa, namba 1, kwa kawaida ni ya msimamizi. Anaweka nywila yake mpya, anaingia. Matoleo 1.3.10, 2.2.4 na 2.3.1 yaliliziba.

Halafu 2019 likaja CVE-2019-15715. Hili lilimtaka mvamizi awe tayari ni msimamizi: kupitia mpangilio wa programu inayochora michoro ya uhusiano wa tiketi, aliweza kuiambia seva itekeleze amri yoyote. Lilizibwa katika 1.3.20 na 2.22.1. Wengi walisoma maneno "akaunti ya msimamizi" wakapumua, wakaliweka kiporo. Lakini seva isiyosasishwa tangu mwanzo wa 2017 ilikuwa na yote mawili. La kwanza linakufanya msimamizi bila kubisha hodi, la pili linamfanya msimamizi awe mwenye seva. Ndiyo maana tundu usiliangalie likiwa peke yake.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: programu huria inapotoa kiraka, msimbo wa zamani na mpya vyote viko hadharani. Yeyote anayeweza kuviweka sambamba ataona mistari iliyobadilika, na mistari hiyo ndiyo inayomwonyesha tundu lilipo. Kuanzia dakika hiyo muda si wako. Kama huwezi kusasisha leo, labda mwenye ufunguo wa seva yuko safarini, basi angalau weka nywila ya Apache mbele ya folda nzima. Kwenye cPanel kuna kipengele cha kulinda folda kwa nywila, ni mibonyezo michache. Wenzako watanung'unika kuandika nywila mbili. Waache wanung'unike.

Nakala rudufu isiyosomeka si nakala

Hifadhidata ndiyo roho ya daftari. Ukiwa na terminali:

`mysqldump --single-transaction -u mtumiaji -p mantis > mantis-kabla.sql`

Kisha usiondoke. Andika `tail -1 mantis-kabla.sql` uone mstari wa mwisho. Mstari huo unapaswa kusema "Dump completed" na tarehe. Kama mstari wa mwisho ni kipande cha tiketi kilichokatika katikati ya neno, diski imejaa au muunganisho umekatika, na ulicho nacho ni nusu ya daftari. Niligundua hili kwa njia ngumu: faili lilikuwapo, lina ukubwa wa kuridhisha, lina jina zuri lenye tarehe. Lilipohitajika, tiketi za miezi minne ya mwisho hazikuwamo. Tangu hapo nimekuwa mtu wa `tail`, na sioni aibu.

Viambatisho kwa kawaida MantisBT huvihifadhi ndani ya hifadhidata, hivyo faili hilo moja linatosha. Lakini angalia `$g_file_upload_method` kwenye mipangilio yako. Ikisema DISK, viambatisho viko kwenye folda yake na inabidi uinakili kivyake. Nakili pia folda yote ya programu. Vyote viweke nje ya `public_html`, na nakala moja nje ya seva kabisa.

Kama una nafasi, na mara nyingi nafasi ipo ila uvivu ndio mwingi, fanya zoezi kwanza kwenye nakala ya majaribio. Unda hifadhidata nyingine, irejeshee ile nakala rudufu, weka folda nyingine ya MantisBT inayoielekea. Hapo utakuwa umejaribu vitu viwili kwa mpigo: sasisho lenyewe, na kama nakala yako inarejeshwa kweli. Ila kabla hujafungua kivinjari, ongeza mstari huu kwenye mipangilio ya nakala ya majaribio:

`$g_enable_email_notification = OFF;`

Usipouweka, utafunga tiketi moja ya kujaribia saa tano usiku, na mteja wa kweli atapata barua pepe kwamba tatizo lake limetatuliwa. Asubuhi atapiga simu kushukuru, na wewe hutajua uanzie wapi kumweleza.

Siku yenyewe

Pakua kifurushi kutoka kwa mradi wenyewe, si kwenye tovuti ya mtu aliyekifungasha upya "kwa urahisi wako". Linganisha alama ya uhakiki iliyowekwa kando yake. Soma mahitaji ya toleo jipya, hasa toleo la PHP. Seva za kushirikiana huwa na matoleo kadhaa ya PHP na kila tovuti huchaguliwa lake, kwa hiyo PHP mpya kuwapo kwenye seva hakumaanishi kwamba folda yako inaitumia.

Waambie watu mapema. MantisBT inakuruhusu kuweka faili la `mantis_offline.php` kwenye folda yake, na anayefungua ukurasa anaona tangazo kwamba kuna matengenezo. Ni adabu nzuri, lakini usiichukulie kuwa kufuli. Mtu akiongeza `mbadmin=1` kwenye anwani analiruka tangazo hilo, na siri hiyo imo kwenye msimbo ambao kila mtu anausoma. Kufuli ni ile nywila ya folda niliyoitaja. Iwashe kabla ya kazi.

Sasa, kosa linalofanywa na karibu kila fundi ninayemfahamu, nami nikiwamo zamani: kufungua kifurushi kipya juu ya folda ya zamani na kukubali kila faili libadilishwe. Inaonekana njia fupi. Lakini kufungua juu kunabadilisha mafaili yaliyopo na kuongeza mapya tu, hakufuti yaliyoondolewa. Kama watengenezaji waliamua faili fulani ni hatari wakalitoa kwenye toleo jipya, kwako litaendelea kukaa palepale.

Kwa hiyo fungua kifurushi kwenye folda mpya iliyo tupu, tuseme `mantis-mpya`. Kutoka ile ya zamani, leta vitu vyako tu: `config_inc.php` kutoka folda ya `config`, mafaili ya `custom_` kama uliwahi kuyaandika, nembo ya ofisi, folda ya viambatisho kama unatumia DISK na imo humo, na plagini ulizoongeza mwenyewe. Plagini ziangalie mojamoja. Plagini iliyoachwa na mwandishi wake tangu zamani ni tundu ambalo hakuna atakayekutangazia. Leta pia `.htaccess` inayodai nywila ya folda, maana cPanel huiandika ndani ya folda yenyewe. Ukihamisha folda bila hiyo, kufuli linaondoka na nyumba ya zamani.

Kisha badilishana:

`mv public_html/mantis zamani/mantis-2.25.2`
`mv mantis-mpya public_html/mantis`

Fungua `admin/install.php` kwenye kivinjari. Itatambua kwamba hifadhidata tayari ipo na itajitolea kuisasisha. Ukiwa na wasiwasi, kuna chaguo la kuandika amri za SQL kwenye skrini bila kuzitekeleza. Zisome kwanza. Mtumiaji wa hifadhidata unayemtumia hapa lazima awe na ruhusa ya kubadilisha majedwali, na ndiyo sababu ukurasa huo unauliza jina na nywila ya msimamizi wa hifadhidata. Amri hizo zikiisha salama, futa folda ya `admin` yote, `rm -r`, bila huruma. Usiibadilishe jina wala kuificha. Na kama hii ni seva uliyoirithi, jaribu sasa hivi kuingia kwa jina `administrator` na nywila `root`, maana hizo ndizo MantisBT huja nazo. Sitaki kukuambia mara ngapi nimeingia.

Folda ya zamani

Rudi kwenye ule mstari wa kwanza wa `mv`. Umeona nimepeleka folda ya zamani nje ya `public_html`. Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi nzuri ya siku nzima inapoharibika.

Katika ofisi nyingine nilikuta MantisBT iliyosasishwa vizuri. Toleo lilikuwa jipya, folda ya `admin` imefutwa, usajili wa wageni umezimwa. Nikampongeza fundi wao. Halafu nikaandika `ls` ndani ya `public_html`, na kando ya `mantis` kulikuwa na `mantis_old`. Nikaifungua kwenye kivinjari. Ikafunguka. Ukurasa uleule wa kuingilia, rangi za zamani. Nikaingia kwa akaunti yangu, nikaona tiketi ya asubuhi ile.

Tafakari maana yake. Folda ya zamani ilikuwa na `config_inc.php` yake, na ndani yake jina la hifadhidata ni lilelile. Programu ya zamani yenye matundu yote ilikuwa ikisoma na kuandika kwenye daftari jipya. Anayejua tundu la `verify.php` hakuhitaji kulipita toleo jipya; angeingia uani, abadilishe nywila ya msimamizi humo, kisha atoke aje mlango wa mbele kama mwenye nyumba. Na jina `mantis_old` si siri. Ukitaka kujua, tafuta neno "mantis" kwenye kumbukumbu za seva yako, uone majina ambayo mashine za watu usiowajua zinayabishia hodi.

Ndugu ya kosa hili ni `config_inc.php.bak`. Fundi anataka kubadilisha mstari mmoja, ananakili faili kwanza, jambo zuri, lakini analiongezea mwisho wa `.bak`. Seva inayajua mafaili ya `.php` na huyatekeleza bila kuonyesha kilichomo. La `.bak` haijui ni nini, hivyo mara nyingi yeyote anayeliomba hupewa kama maandishi, nywila ya hifadhidata ikiwamo. Tafuta yote yenye mwisho wa `.bak`, `.old`, `.zip` na `.sql` chini ya `public_html`:

`find public_html -name "*.bak" -o -name "*.old" -o -name "*.zip" -o -name "*.sql"`

Ukipata hata moja, kulifuta pekee hakutoshi. Badilisha na nywila ya hifadhidata, kwa sababu hujui limekaa wazi tangu lini na nani amelichukua.

Kabla ya kuwafungulia watu

Usijaribu kwa akaunti ya msimamizi peke yake, maana msimamizi huona kila kitu na hivyo haoni kilichoharibika. Ingia kama mtumiaji wa kawaida, fungua tiketi, weka kiambatisho, kipakue. Angalia kama barua pepe imefika. Kisha chukua anwani ya tiketi iliyofichwa na ujaribu kuifungua kwa akaunti hiyo ya kawaida. Ukiiona, simama hapo hapo.

Halafu pitia orodha ya watumiaji. Nani ana cheo cha msimamizi? Katika ofisi ya watu kumi na watano, wasimamizi wawili wanatosha. Angalia safu ya ziara ya mwisho: akaunti ya mtu aliyeondoka kazini mwaka jana iliyoingia wiki iliyopita ina hadithi ya kukusimulia. Kama umechelewa kuziba tundu lililotangazwa, tafuta jina la faili linalohusika kwenye kumbukumbu za Apache, mfano `grep verify.php`, kuanzia siku ya tangazo hadi leo. Maombi mengi kutoka anwani moja ndani ya dakika chache hayatoki kwa mfanyakazi aliyesahau nywila.

Ukimaliza, fungua tiketi ndani ya MantisBT yenyewe, iliyofichwa, uandike umetoka toleo gani kwenda lipi, nakala rudufu iko wapi na nani alikuwapo. Nywila usiiandike humo. Na ile folda iliyoko `zamani/` haina kazi tena baada ya wiki mbili za utulivu. Chukua simu, weka kikumbusho cha kuifuta sasa hivi, kabla hujafunga terminali.